Kemunto na Kiti cha Wageni

Nikipita penye duka la baiskeli na pua ikakutana na harufu ya mpira mpya, hasira hunipanda hata leo. Ndiyo harufu iliyojaa sebuleni kwetu, Ekerenyo, siku dada yangu Kemunto alipoletewa kiti cha magurudumu.

Kabla ya hapo, ndugu msomaji, Kemunto alikuwa akibebwa. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu azaliwe, na shule ilikuwa juu ya kilima, ng'ambo ya mashamba ya majani chai. Leo alibebwa na Mama, kesho na mama mdogo Nyaboke, kesho kutwa na wasichana wa darasa la nane. Huko mgongoni alikuwa mkubwa wa wote. "Wewe, tembea pole, unanimwagia uji!" Nao walicheka na kupunguza mwendo.

Kisha wakaja wafadhili kutoka ng'ambo, chifu akiwa mbele. Sherehe ilifanyiwa sokoni, kwa sababu ndipo gari lao lilipoweza kufika. Walimkalisha Kemunto kwenye kiti ambacho kingewatosha wawili kama yeye, wakamsukuma kidogo kwenye simiti, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anakaa wapi. Njia ya kwetu huteremka hadi mtoni kisha hupanda, udongo mwekundu mtupu, na mvua za Nyamira hazijui likizo. Kiti chenyewe kilifika nyumbani kichwani mwa binamu yetu.

Mama alifanya ambalo mama yeyote wa Kigusii mwenye sebule angefanya: alikishonea kitambaa cha maua. "Hiyo ni zawadi ya wageni. Wakirudi wakute matope, watasema sisi ni watu gani?" Pasta alipotutembelea baada ya ibada ya Sabato, ndicho alichokaribishwa kukalia. Kemunto alibaki kwenye mkeka.

Hayo ningeyasamehe. Lakini shule zilipofunguliwa, wasichana wa darasa la nane walipita njiani bila kuingia kwetu. Nyaboke naye akasema, "Si sasa ako na gari yake? Mgongo yangu nayo ipumzike." Mwalimu mkuu alimwambia Mama, "Tulisikia huyu alisaidiwa. Mlete na kiti."

Tulijaribu. Magurudumu yalizama kabla hatujafika mtoni, kiti kikapinduka, Kemunto akaangukia kwenye michai. Mama alipangusa kiti kwanza, kisha mtoto. Niliona, na nilikasirika nisijue nimkasirikie nani. Baada ya hapo alimbeba peke yake, hadi mgongo ukakataa.

Utotoni nililaumu kilima. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba siku ile sokoni kijiji kizima kilipewa ruhusa ya kumtua dada yangu, na kikaipokea kwa furaha. Waliotoa walirudi kwao wakijua wamesaidia. Waliombeba walikaa kwao wakijua amesaidiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na hadi leo msemo huo hunichefua.

Kemunto aliishia darasa la nne. Katika mtihani wake wa mwisho alikuwa wa kwanza.