Alama ya Sawa Ilinipa Ng'ombe wa Mama Mkwe

Kwa hivyo hapana, nyinyi mlioniuliza kwenye comments kama mama mkwe wangu ni mtu mbaya, si mbaya. Angekuwa mbaya nisingeumia hivi. Admin, nifiche jina, maana huko Ndanai kwa mama mkwe tayari nachekwa vya kutosha.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na nne, niliishia kidato cha nne, na nimeolewa majuzi tu, hata maua ya harusi bado nimeyaning'iniza ukutani. Na mume wangu, jamani! Anafanya kazi ya kompyuta kwenye kiwanda cha majani chai, na akirudi nyumbani kwetu Kiptere ananifundisha Java, ile lugha ya kuandikia programu. Mimi nachambua mboga za managu, yeye ananifundisha. Siku moja aliniambia, "Mpenzi, ukiandika a sawa na b, hujatengeneza kitu cha pili. Umekipa kile kile jina lingine. Ni kama mimi na wewe. Majina mawili, kitu kimoja." Nililia kwa furaha. Nilishika mapenzi, somo likanipita.

Siku ya harusi nilisimama mlangoni pa mama mkwe nikakataa kuingia, kama desturi yetu ilivyo, hadi niahidiwe kitu. Mama akasema mbele ya watu wote, "Ingia, mtoto wangu. Chelel akizaa, ndama ni wako." Chelel ni ng'ombe wake mweupe. Anaongea naye kila asubuhi kuliko anavyoongea na majirani.

Chelel akazaa. Mume wangu akaamua tuwatengenezee mama na kina mama wenzake wanaouza maziwa programu ya ng'ombe wao: jina, rangi, na mwenye ng'ombe. Asubuhi tuliyokuwa tunaenda kuwaonyesha, ndama alikuwa bado hajaingizwa. Yeye akivaa viatu ananitajia, mimi nachapa.

"Ndama anafanana na mama yake, tusijisumbue. Andika ndama sawa na chelel. Jina mama atampa mwenyewe. Sasa, mwenye ndama, weka jina lako." Akanibusu shavuni.

Kwa mama sebule ilijaa. Mume wangu akaunganisha kompyuta na televisheni, akabonyeza. Ikatokea: Chelel, mwenye, mimi. Chini yake tena: Chelel, mwenye, mimi. Chelel mara mbili, wote wangu, na mama hana hata mkia.

"Haiya! Huyu aliahidiwa ndama, amebeba na mama yake!" mmoja akapiga kelele.

"Mama nanii, funga jogoo wako mapema, bibi arusi hajamaliza kuandika!"

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Mama hakucheka. Akauliza polepole, "Ni nani ameandika hii?"

Nikamtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama waya wa televisheni. "Ni yeye alikuwa anachapa, mama."

Tukiwa njiani kurudi ndipo akanieleza, akicheka. Hatukuandika neno new, yaani mpya, na bila new hakuna ndama aliyezaliwa ndani ya kompyuta. Ndama na chelel yalikuwa majina mawili ya ng'ombe mmoja, kwa hivyo nilipobadilisha mwenye ndama, nilimbadilisha mwenye Chelel. Tulitakiwa kuumba mpya kwanza, halafu tumpe rangi ya mama yake. Alirekebisha mara moja. "Ni kosa dogo, mpenzi."

Nikamwambia, "Basi mpigie mama, mwambie ni wewe ulinitajia."

"Mama atasahau."

Hajasahau. Akipiga simu ni kwa mwanawe, mimi naletewa salamu. Juzi alituma kibuyu cha maziwa ya mursik na jirani, akasema ni ya mtoto wake. Zamani mtoto wake nilikuwa mimi pia. Na ndama wangu mpaka leo hajapewa jina.

Nampenda huyu mwanaume, hata sasa nikisikia viatu vyake mlangoni moyo unaruka. Lakini imebaki uchungu. Wakati wa kubusiwa sisi ni kitu kimoja chenye majina mawili. Ilipoulizwa nani ameandika, nikawa nakala, nimesimama kivyangu.

Nikimwambia mama ukweli, nimemwaibisha mume wangu kwa aliyemzaa. Nikinyamaza, mimi ni mwizi wa ng'ombe kwenye boma nililoolewa. Nyinyi mliotangulia kwenye ndoa, semeni nami: nimtaje au nimeze?

Na mama, kama kuna mtu anakusomea hii, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Ndanai. Nitasimama tena pale mlangoni. Safari hii sitaki kuahidiwa kitu. Nitangoja tu uniambie, "Ingia, mtoto wangu."