Debra na Kiboko wa Kwaya

Debra hajui kukaa. Usinibishie, muulize yeyote pale ufuoni Asembo Bay. Mpe kiti, ataweka goti moja juu yake huku macho yake yakiwa kwenye barabara ya Bondo. Aliuza mandazi, akaacha akashona sare za shule, akaacha tena akaenda kuuza mitumba soko la Kibuye miezi saba, kisha huyoo, amerudi kwenye mandazi. Ana miaka thelathini na tisa na bado anaishi kama mtu anayengoja kuitwa. Aitwe na nani, aende wapi, hata yeye hajui.

Basi wakaja watafiti kutoka Kisumu, wakiongozwa na kijana mpole aitwaye Gordon. Walitaka kuona watu wanavyobuni vitu na kufundishana kwa kutumia kompyuta. Wakakiachia kikundi cha akina mama wanne wauza samaki, pamoja na Debra, tableti moja ya kutengeneza katuni. Picha unaisogeza kwa kidole, sauti unairekodi, hadithi inatembea. Sasa nani angegusa kioo kile na magamba yamemfika kwenye viwiko?

"Debra, wewe mikono yako ni ya unga tu," akasema Mama Ajwang, mkubwa wao. "Shika hiyo kitu."

Debra akashika, miezi minne. Wenzake waliparua samaki huku wakipiga kelele: mpeleke kushoto, mfute huyo, mnenepeshe bwana, kwani umewahi kuona kiboko mwembamba? Kilichotoka ni katuni ya kiboko aliyetaka kuimba kwaya. Watoto wa shule waliitazama wakacheka mpaka mwalimu akasahau alichokuja kufundisha.

Kumbe ile tableti ilikuwa inahesabu. Kila mguso uliandikwa pamoja na jina la aliyegusa, na karibu yote ilikuwa ya Debra. Jumatatu moja Gordon akapiga simu.

"Mama Debra, umechaguliwa. Mwaka mzima Kisumu, kwenye maabara yetu, ujifunze na ubuni. Nafasi ni moja tu. Njoo Alhamisi uwaeleze wakubwa wangu ulivyotunga."

Wuololo! Alizunguka jiko mara tatu, mwiko mkononi. Hatimaye ameitwa! Halafu aibu ikamshika. Hakuwa ametunga. Yeye alikuwa kidole tu, na alijua hivyo kabisa, ila aliitaka nafasi ile mno.

Akamwendea Ajwang. "Mama, wananiita Kisumu. Wanasema mimi ndiye niliyetunga kiboko."

Ajwang hakuinua kichwa kwenye samaki. "Haya. Nenda vizuri."

Basi, hayo tu. Debra alingoja atukanwe, hakutukanwa. Angeweza kulala kama angetukanwa! Siku mbili mandazi yakamwungulia na wateja wakanung'unika.

Alhamisi akaingizwa chumba chenye meza ndefu. Akapewa kiti, akasimama nyuma yake. Mkubwa wa maabara, Dakta Celestine, akaichezesha katuni, akacheka, kisha akauliza, "Mbona huyu kiboko wanamsimamisha nyuma ya kwaya?"

Debra alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Akafungua mdomo atunge jibu, na jibu la uongo halikuja, likaja la kweli. "Kwa sababu Mama Ajwang mwenyewe ana sauti kubwa. Kanisani walimweka nyuma miaka kumi na mbili. Hiyo ni hadithi yake. Mwenzetu Winny ndiye alisema kiboko alie, Rosa akakataa, akasema aimbe zaidi."

"Lakini miguso yote ni yako," Gordon akasema, akifunua karatasi zake. "Na Rosa nilimpigia kuhakikisha. Akasema ni wewe."

"Rosa hakukuelewa. Mikono yao ina samaki, ndugu yangu. Wao walisema, mimi nikagusa."

Miezi minne watafiti walikuwa wakitafuta jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja, na walichokuwa wamehesabu ni vidole. Gordon akazikunja karatasi zake, maskini.

"Nafasi ni ya mtunzi," Dakta Celestine akasema polepole.

"Basi ni ya Ajwang," Debra akajibu, na hapo hapo akatamani kuyameza maneno yake. Wakamshukuru sana. Wakamwomba asubiri nje kidogo.

Kwenye baraza akatembea huku na huku, kisha akapiga simu Asembo. "Mama, nimewaambia ukweli. Wanakuchukua wewe."

"Umewaambia nini?" Ajwang akafoka. "Ala! Debra! Mimi na hii miguu nije Kisumu nifanye nini? Huyo kijana alipompigia Rosa, tulikaa wote wanne. Tukakubaliana tuseme ni wewe."

"Lakini ulininyamazia. Hukuniangalia hata."

"Ningekuangalia ningelia. Sisi tumezoea hapa. Ni wewe ulikuwa unaisha polepole ukitazama barabara. Tulikupa, nyathina, mwanangu. Tulikupa. Ungenyamaza tu."

Debra akageukia mlango. Ulikuwa umefungwa, na ndani alimsikia Gordon akilitaja jina la Ajwang herufi moja moja, ili liandikwe bila kosa.