Picha ya Alain na Saxophone Yangu

Picha ya jazz inayojulikana kuliko zote kwa watu wetu hapa Durban ina uongo ndani yake. Yule jamaa aliyefumba macho, saxophone mdomoni, hakupiga hata noti moja.

Najua. Saxophone ile ni yangu.

Naitwa Ambokile, mtu wa Tukuyu. Siku za wiki niko kiwandani Pinetown, Jumapili napuliza jazz kwenye mgahawa mmoja wa Mkongo karibu na bandari. Miaka sita sijakosa. Jumapili ndiyo inanifanya nijione mtu katika nchi ya watu.

Siku moja nikiwa nje napasha saxophone moto kwa noti chache, simu ikaita kutoka nyumbani. Nikampa saxophone Alain, mzee wa Kikongo anayelinda magari pale parking, langu likiwemo, anishikie dakika mbili. Niliporudi nikaichukua, nikaingia kazini.

Kumbe Gadiel alikuwepo. Huyu ni Mtanzania mwenzangu, mpiga picha wa harusi. Alimnasa Alain saxophone mdomoni, chozi linamtoka.

Mwezi haukuisha, picha iko kwenye kila simu. Ikachapwa kwenye fulana. Halafu ukumbi mmoja wa sanaa ukaandaa maonyesho ya picha maarufu za jazz, kila picha na hadithi yake chini. Chini ya Alain waliandika: "Alipopuliza, mtaa mzima ulinyamaza."

Mtaa upi? Mimi nilikuwa hatua ishirini tu, nilisikia honi za taxi!

Hayo ningemeza. Lakini mwenye mgahawa akaniita.

"Ambokile, ba clients banataka ule wa photo. Nataka nimupe yeye Jumapili."

Yaani wateja wanamtaka wa kwenye picha, na Jumapili yangu apewe yeye. Jamani, nilimchukia Alain. Salamu yake nikaacha kuitikia. Usiku na mchana naikodolea macho ile picha, mpaka nikapata ushahidi: mkono wa kulia uko juu, wa kushoto chini. Mtu yeyote wa saxophone anajua ni kinyume. Kushoto juu, kulia chini. Huyu hata kuishika hajafundishwa!

Siku ya ufunguzi nikabeba saxophone yangu, nikaenda kumuumbua mchana kweupe.

Ukumbi umejaa. Alain kavaa suti ya kuazima, kasimama na mkewe Constance karibu na picha.

"Mnamshangilia mlinda magari!" nikapaza sauti. "Tazameni mikono! Kashika saxophone kama mwiko wa ugali!"

Watu wote wakageuka. Gadiel akanivuta shati.

"Kaka, acha. Hiyo mikono ni kosa langu. Niligeuza picha kwenye kompyuta, kulia ikawa kushoto, ili uso wake utazame maandishi ya fulana. Kwenye picha yenyewe kashika vizuri tu."

Hapo mwenye akili zake angefunga mdomo. Mimi nikamsukumia Alain saxophone kifuani.

"Kama wewe fundi, piga! Piga tukusikie!"

Akaipokea. Vidole vyake vikaenda vyenyewe mahali pake, kushoto juu, kulia chini, bila hata kutazama.

Halafu akanirudishia. Akaingiza vidole kinywani, akatoa meno ya bandia. Ya mbele juu, yote.

"Nilipigaka saxo Lubumbashi miaka kumi na mbili," akasema, maneno yanamtoka na upepo. "Hapa, ile siku ya fujo ya kufukuza wageni kule Isipingo, balinivunja meno na mawe. Saxo balibeba. Haya ya bandia yanatoka nikipuliza, mdomo haushike. Siku ulinipa yako, nilijaribu. Sauti haikutoka. Njo maana nililia."

Constance akanikabili. "Patron wa mgahawa alikuya kwetu na Jumapili yako. Alain alikataa! Alimuambia, 'Acha Ambokile apige, mimi namusikilizaka toka parking.' Na wewe unamuvua meno mbele ya batu? Huna haya?"

Nikanyoosha mkono kuomba radhi. Alain akautazama, hakuushika. Akarudisha meno yake taratibu.

"Jumapili utapiga," akasema. "Lakini gari lako, tafuta mwingine wa kulichunga. Na usinisalimie tena."

Wiki iliyofuata akahamia parking nyingine, kule Bluff. Nilimfuata mara mbili. Mara zote mbili alinipa mgongo.

Jumapili nimebaki nayo, na haina utamu tena. Ndugu yangu unayesoma, kabla hujamwambia mtu kwamba hajui, muulize kwanza alinyang'anywa nini.