Ukuta wa Mukandekezi

Kwa kuchora kuta, Mukandekezi hakuwa na mpinzani kijiji kizima cha Songambele. Mtu akimwoza binti yake, au akipokea wageni wa ubarikio, alimwita yeye. Alikanda samadi ya ndama na majivu, akaifinyanga ukutani kwa vidole mpaka ikatuna, na ikikauka akaipaka udongo mwekundu, chokaa na masizi. Mama yake, aliyevuka kutoka Rwanda zamani, alimfundisha kuchora pembe na mistari tu. Watu na wanyama aliwaanza mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtu wa kuota, na ndoto zake zilikuwa mbaya. Akishaichora ndoto, inamtoka. Asipoichora, inamkaba wiki nzima.

Hizo alizichora kwenye ukuta wa nyumba yake. Siku moja alichora ng'ombe kichwa chini, na kesho yake mtamba wa jirani yake Nestory akapatikana ametumbukia kwenye shimo la matofali. Basi! Watu wakasema huyu mama haoti, anaona. Nestory akamletea ndizi. Na yeye, mwanamke mwenye akili zake timamu, badala ya kusema ni bahati tu, akacheka, akazipika, akala. Sifa ni tamu jamani, nani anazitema?

Ndipo Celestina akauawa. Mjane wa watu, kakatwakatwa kwa panga kwenye kibanja chake, katikati ya migomba, na mkono mmoja ukaokotwa mbali na mwili. Mukandekezi ndiye aliyemwosha. Unadhani mtu anaosha maiti ya namna ile halafu analala vizuri? Aliota mwanaume asiye na sura ameinua panga, na Celestina yuko chini anakinga uso. Asubuhi akaichora ilivyo, isipokuwa dirisha lilikuwa limekaa pale panga lilipotakiwa kupita, akalihamishia panga mkono wa kushoto wa yule mwanaume. Hilo tu, dirisha.

Mutalemwa, mnunuzi wa kahawa, bwana mmoja wa sauti kubwa na kofia ya pama, akapita, akaona, akasimama.

"Mashoto!" akapiga kelele. "Hapa kwetu nani ana mashoto?"

Alikuwapo mmoja. Leonidas, kibarua kutoka Burundi, aliyekuwa akimlimia Celestina. Walimtoa shambani, wakamburuta mpaka mbele ya ukuta, eti ajione. Wakampiga kwa mipini ya majembe, kwa mawe, kwa mateke ya tumbo. Alipofungua mdomo kujitetea, jiwe likauziba kwa damu. Mukandekezi akatoka mbio, mikono yake ikiwa bado na samadi.

"Mwacheni! Ni ndoto tu! Mkono ule ni kwa sababu ya dirisha!"

Mutalemwa akacheka. "Mama Mukandekezi, na ng'ombe wa Nestory ilikuwa dirisha? Ndoto zako hazidanganyi."

Tairi la pikipiki lilikuwa limeshafika. Kidumu cha petroli kinapita mkono kwa mkono. Mukandekezi akaona huyu mtu anaungua sasa hivi, hapa, kwa ajili ya dirisha lake. Akatumbukiza mkono kwenye ndoo, akalibandika donge la samadi kwenye uso mtupu wa yule muuaji, na vidole vyake vikafanya vinavyojua kufanya. Pua pana, kidevu chenye ndevu, kofia ya pama. Wote wakamtambua Mutalemwa.

"Nimemwota tena jana," akasema. "Safari hii sura nimeiona."

Alitaka wacheke! Alitaka Mutalemwa mwenyewe aseme huu ni upuuzi, samadi haiwezi kutoa ushahidi, twendeni majumbani. Hawakucheka. Wakaanza kumgeukia mmoja mmoja.

"Ndiyo maana ulikuwa na haraka," Nestory akamwambia, na kabla Mutalemwa hajajibu rungu likamshukia kichwani.

"Nimedanganya!" Mukandekezi akalia. "Nimedanganya, jamani, sikuota!" Akajitupa juu ya Mutalemwa. Wakamnyanyua wakamtupa kando. "Anamwonea huruma," mtu akasema. Tairi likawa lile lile, petroli ile ile, na Mutalemwa akaungua akipiga mayowe mbele ya sura yake ambayo haijakauka. Leonidas alitambaa mpaka kwenye migomba. Alipona, jicho moja halikupona.

Polisi walikuja. Mukandekezi akawaeleza yote, lakini wengine wote, eti, siku ile walikuwa shambani.

Matanga yalipoanuliwa, Prudensia, mjane wa Mutalemwa, akaja na mkungu wa ndizi kichwani. Mukandekezi akajua leo analaaniwa, na akaona ni haki yake. Prudensia akautua mkungu, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwombea msamaha mume wangu."

"Msamaha gani, mwanangu? Mumeo hakumgusa Celestina. Nilitunga. Haki ya Mungu nilitunga, nimwokoe yule kibarua."

"Usinifariji, mama." Prudensia hakuinua macho. "Usiku ule aliouawa Celestina tulilala kitanda kimoja, na nilijua hakutoka. Lakini sasa hata mimi namwota. Namwona kabisa anamkata, kwa mkono wa kushoto."

"Mumeo alikuwa na mashoto?"

"Hapana," Prudensia akasema, akausukuma mkungu wa ndizi kuelekea mlangoni.