Baraka Niliyoipuliza kwa Nguvu Mno

Ndugu wasomaji, kosa hili ni langu. Msimlaumu mchungaji, wala msiyalaumu maziwa.

Kanisa letu ni dogo, liko kwenye tambarare ya Hanang katikati ya wafugaji wanaofuata dini ya jadi. Wao walikuwa wakisema baraka zetu ni kavu, kwa sababu kwao mzee akikubariki anakupulizia maziwa kwa mdomo. Mimi, mzee wa kanisa, nikamsumbua mchungaji mwezi mzima: "Injili nayo ivae lubega, ijifunge shuka kama wao, baba mchungaji!" Mwishowe akakubali tujaribu Jumapili moja tu. Ikiharibika, tusimtajie tena.

Nikaenda kumwalika mzee wao mkubwa, ambaye ni rika langu. Akanitazama mdomoni.

"Wewe ndiye utabariki? Una meno mazuri, rafiki."

"Ya kuzaliwa haya," nikajigamba.

Ukweli ni kwamba ya juu yote nilitengenezewa, na siku hizo yalikuwa yanacheza.

Jumapili walikuja wengi, wakajaza mabenchi ya mbele na fimbo zao. Nikajaza maziwa mdomoni, nikavuta pumzi kwa pua, nikapuliza kwa imani yangu yote.

Maziwa yaliwafikia vizuri, ila meno yalitangulia.

Yule mzee aliyaokota mapajani mwake, akayageuzageuza, kisha akayainua kanisa zima lione.

"Mchungaji," akauliza kwa upole, "haya ya kuzaliwa tunagawana wote, au nimebarikiwa mimi peke yangu?"