Kadi Iliyokwanguliwa

Nilikuwepo, msinibishie. Duka moja la gemu hapa Kakamega hufungua pakiti za kadi za wanasoka na kuziuza moja moja kama sigara. Mama mmoja kutoka Khwisero alirudisha kadi aliyomwahidi bintiye akipita mtihani. Namba ya kumfungua mchezaji mpya kwenye gemu ilikuwa imekwanguliwa, ikatumiwa.

“Lakini mama, picha si bado iko?” muuzaji akasema, vidole vikicheza kwa simu.

“Picha itakimbia? Huyu wa kadi yangu ndiye anafunga mabao kwa simu yako. Namwona.”

Muuzaji akalaza simu kifudifudi. Damu ikanichemka. Nikagonga kaunta kwa ngumi: “Mwizi wewe, mpe nyingine.” Akampa.

Hiyo ngumi nimeitunga. Nilinyamaza kama wateja wengine wote, mama akaenda na picha yake.