Nibakizie Ukoko

Kwa miaka mingi nilikana kwamba wimbo "Nibakizie Ukoko" ulitungwa na mama yangu. Huimbwa harusini na matangani nchi nzima, lakini mimi, msomi wa chuo kikuu, niliona haya: ni nani humwomba Mungu ukoko, ule ugali mkavu unaogandia sufuriani? Mwacha asili ni mtumwa, nami utumwa huo niliutumikia kwa bidii.

Aliutunga msimu mmoja wa mvua, nikiwa darasa la nne, mtaani Kaloleni, nyumba nzima ikinuka unga ulioanza kuungua. Baba alikuwa kazini kwenye reli. Mama alisonga ugali huku akijifunza nyimbo za kwaya ya akina mama, mwiko ukigonga sufuria kama ngoma. Akishapakua, aliirudisha sufuria motoni, ukoko ukakauka na kujibandua polepole, ukilia kama karatasi inayokunjwa. Hapo sisi watoto tulimzunguka. Mama alitutazama mmoja mmoja, kisha akampa amtakaye. "Leo ni wa Nekesa," alisema, basi kaka zangu walinuna mpaka asubuhi.

Sasa naishi mtaa wa Donholm, na sufuria zangu za kisasa hazigandwi na kitu. Ugali huteleza sahanini bila kuacha chochote cha kugombaniwa. Mwezi uliopita alinijia kiongozi wa kwaya, kijana mwenye adabu, aliyeambiwa na wazee wa kanisa mtunzi ni nani.

"Anti, tunataka kurekodi upya wimbo wa mama yako. Lakini vijana wakifika kwa ukoko wanacheka. Si tuweke mkate?"

Alinieleza kwamba wahubiri huuita wimbo wa unyenyekevu, wa mtu anayeridhika na mabaki, na kwamba mkate, kwa vyovyote, umo kwenye Biblia. Nusura nikubali. Kisha nikajiuliza, nikichelewa kama kawaida yangu: mabaki? Nyumbani kwetu? Nikampigia mama simu kijijini.

"Mama, ulipoomba ukoko, ulikuwa unanyenyekea?"

"Kunyenyekea!" Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe Nekesa, ukoko ulikuwa wa nani?"

"Wa yule uliyempenda zaidi siku hiyo."

"Ehe. Nami nilitaka Mungu anipende hivyo hivyo, mbele ya ndugu zangu wote, wanune. Hao vijana waambie, wakitaka mkate waende dukani."